Siagi ya Mjomba Ewald

Stettin, 11 Januari 1937

Mpwa wangu Gesine,

Pokea salamu za mjomba wako mzito: zamani mzito wa mwili tu, sasa mzito wa cheo pia. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na ngazi za ofisi napanda mbili mbili. Msalimie dada yangu Alwine, mama yako. Mwambie vile vidari vya bata bukini alivyovikausha kwa moshi nilivimaliza kabla treni haijafika kituo cha pili, na yule bwana niliyekaa naye alimeza mate mpaka akashuka ana kiu. Msalimie na mumeo, Mchungaji Henning, ingawa Krismasi yote alinitazama kama mtu aliyekuta panya kwenye kikombe cha meza ya Bwana.

Lakini ile siagi! Bado mnacheka? Mama yako kaleta donge mezani hajalipiga ile chapa ya ua, mimi nikageuza bakora yangu, nikakandamiza kile kichwa cha chuma, puu! Nguruwe pori huyo katikati ya siagi, masikio, pua, jino moja zima na moja limevunjika, utadhani anataka kunusa mkate. Ulicheka mpaka ukashika tumbo, na tumbo lenyewe lina mtu. Hata Henning alicheka nusu ya mdomo. Mkiulizwa jino lile lilivunjikaje, semeni ukweli: nilipiga nalo fuawe la mhunzi, jino likakatika, fuawe likapasuka vipande viwili. Na nguruwe mwenyewe, yule wa kweli niliyechonga sura yake, nilimuua kwa ngumi nikiwa kijana ambaye hajaota ndevu. Mashahidi wapo, ila wengi wamekufa.

Sasa neno lililonikalisha kitini. Ofisi ya mambo ya kanisa ya mkoa mzima sasa iko mkononi mwangu. Mimi, Ewald Kagelmann, niliyeuza brashi nyumba kwa nyumba, niliyeacha shule kwa sababu mwalimu alisema kichwa changu ni cha kubebea kofia! Leo wachungaji waliosoma Kiebrania na Kigiriki wanasimama kwenye zulia langu, nami nawaacha wasimame mpaka miguu ianze kucheza. Nina simu. Nina binti wa kupiga chapa ambaye hutetemeka nikikohoa.

Juzi nilikwenda kijiji kimoja kando ya ziwa, mchungaji wao kakataa kuweka bendera ya chama chetu karibu na madhabahu. Nikaenda na vijana wa mashati ya kahawia. Mzee wa kanisa akaziba mlango. "Hapa hupiti, muuza brashi," akasema. Nikamjibu, "Brashi ninayo, mzee, nimekuja kufagia." Vijana walicheka, na kijana wa mbele alimpiga ngumi moja tu, meno yakamwagika ngazini kama mbaazi. Mchungaji tulimtoa kwa kumvuta joho, kichwa kikihesabu ngazi. Bendera ikasimama. Kazi ya asubuhi moja, mchana nilikuwa mezani na supu yangu.

Nakwambia haya si kwa kukutisha, wewe ni damu yangu. Ila mkubwa wangu kaniita, kaniuliza, "Kagelmann, ni kweli yule mkaidi wa Altwiek ni wa ukoo wako?" Nimemwambia atanyooka kabla ya Pasaka. Mambo ni matatu: bendera iwekwe, mumeo aache kuwaombea kwa majina wachungaji waliofungwa, na yule mpiga kinanda, Rosenhain, aondoke. Kubatizwa kabatizwa, lakini Myahudi ni Myahudi, ndivyo inavyosemwa sasa. Henning akinyooka, kiti changu Berlin kiko tayari, na mwanao atakuja kuona tembo kwenye bustani ya wanyama akiwa kwenye mabega ya mjomba.

Mimi mjombako,
Ewald

*

Altwiek, 24 Januari 1937

Mjomba,

Sote hatujambo. Theluji imefika madirishani. Ng'ombe mwekundu kazaa, mtoto wangu anapiga mateke, na mama anasumbuliwa na nyonga ila ulimi wake uko imara. Kanituma nikwambie nguruwe yule hukumuua. Alitumbukia kisimani kwa babu akafa maji, na wewe ulikuwa juu ya mti wa tufaha unalia.

Nimemsomea Henning barua yako, yote, na habari ya yule mzee wa ngazini. Akasema, "Mjomba wako anachekesha. Naogopa watu wa kuchekesha wakipewa funguo."

Majibu yake ni haya. Bendera ina mlingoti wake nje ya ofisi ya kijiji. Waliofungwa wana majina, na Mungu huita watu kwa majina. Mzee Rosenhain haendi popote. Mimi naongeza langu, Mjomba. Rosenhain ndiye aliyekufundisha nyimbo za kipaimara. Siku uliyovunja kioo cha kanisa alikuficha nyuma ya mabomba ya kinanda mpaka hasira za babu zikaisha. Mama anakumbuka. Na wewe unakumbuka.

Njoo ule kwetu kama mjomba. Kanisani usije na watu.

Gesine

*

Altwiek, 1 Machi 1937

Mjomba Ewald,

Mama yu hai, mimi ni hai, mtoto bado yumo. Hizo ndizo salamu nilizo nazo.

Jana Jumapili lilikuja lori. Wakaingia na kofia zao katikati ya wimbo. Wawili walianza kugongelea bendera kwenye mbao za madhabahu, misumari ikiingia kwenye zile zabibu alizochonga babu wa babu yako. Henning alikuwa mimbarini. Hakupaza sauti, hakunyamaza pia. Akaendelea kuwataja waliofungwa, jina moja, kisha jingine, nyundo ikipiga kati ya jina na jina.

Mzee Rosenhain hakuacha kupiga kinanda. Wakapanda juu. Mmoja akasema, "Bado unacheza, babu? Hebu tukupe wimbo wa mwisho." Wakamshika viganja wakavibana kwenye vidude vya kinanda, wakafunga kifuniko kwa goti. Wakafungua, wakafunga tena. Tuliokuwa chini tulisikia mambo mawili, mifupa na kinanda chenyewe, kwa sababu vidole vilivyovunjika viliendelea kukandamiza, na sauti ile moja nene haikukatika.

Bartel wa kengele alikimbilia ngazi, wakampasua paji la uso kwa kinara cha shaba. Henning akashuka, akasimama kati yao na watu wake, mikono imefunguliwa. Walimpiga kwa mikanda, upande wa chuma. Alipoanguka walimpiga kwa viatu. Joho lake likawa zito kwa damu, wakamburuta nalo, na mstari mwekundu ulitoka madhabahuni mpaka mlangoni. Tulikuwa tunaimba. Sijui kwa nini tulikuwa tunaimba, labda kwa kuwa tukiacha tungesikia.

Barabarani palikuwa na gari dogo jeusi, vioo vimefungwa. Lilikaa tangu mwanzo mpaka mwisho. Sitauliza lilikuwa la nani.

Mjomba, wewe ndiye mwenye simu. Mtoe mume wangu.

Gesine

*

Stettin, 13 Machi 1937

Mpwa wangu kipenzi,

Usinihesabie ukimya. Nilikuwa safarini huku na kule, barua yako ilinisubiri mezani ikazeeka. Mimi ni mzima, mguu tu unauma kidogo kwa baridi. Mwambie dada Alwine asinywe chai ya baridi, nyonga haipendi.

Habari ya Jumapili ile ilinifika nikiwa hapa hapa Stettin, narudia, hapa Stettin, nakula samaki. Magari meusi Ujerumani hii ni mengi kuliko kunguru. Ningekuwepo vijana wasingezidisha. Vijana ni kama divai mpya, unafungua kidogo inaruka yote. Ya Rosenhain nimesikitika. Lakini aliambiwa.

Sasa sikia mjomba wako alivyofanya. Nilinyanyua simu nikampigia mkuu wa jela, nikamwambia, "Bwana, huyo uliye naye ni mkwe wa Kagelmann. Akipungua unywele mmoja nitakuja kuuhesabu mwenyewe." Nikasikia pumzi imemkwama upande wa pili. Akauliza, "Kagelmann yupi?" Nikasema, "Yule aliyepasua fuawe." Akakata simu kwa heshima. Kwa hiyo Henning yuko mkononi mwangu kama yai. Kapewa chumba kikavu. Anakula kuliko mimi.

Kuna kipande kimoja cha tamko. Anatia sahihi kwamba atatii, atanyamaza, na Rosenhain hamjui. Anatia sahihi asubuhi, mchana yuko kwako anachanja kuni. Mwandikie kama mke anavyoweza kumwandikia mume. Machozi kidogo, mtoto kidogo. Mimi mwenyewe sijamtia machoni. Jela si ofisi yangu, na harufu ya kule inanipandisha tumbo.

Pasaka imekaribia, na nilimwambia mkubwa wangu Pasaka.

Mjombako akupendaye,
Ewald

*

Altwiek, 4 Aprili 1937

Mjomba,

Nimejifungua mtoto wa kiume. Ana nywele za Henning na kidevu chenu cha akina Kagelmann, Mungu amsaidie. Hana jina bado. Kwetu mtoto wa mchungaji hubatizwa na baba yake, kwa hiyo tunasubiri.

Pasaka tulisali bila mchungaji. Mzee Rosenhain alipanda akakaa kwenye benchi la kinanda, mikono yote imefungwa vitambaa kama watoto wawili wachanga. Vidole viwili vimekatwa. Alikaa tu. Sisi tukaimba bila kinanda tukimtazama.

Nilipeleka nguo safi mara tatu, sikuruhusiwa kumwona. Ya mwisho walinirudishia shati chafu. Mgongo wa shati ulikuwa mgumu kama ubao. Mama aliloweka kwenye beseni, maji yakageuka mekundu, akamwaga, akaloweka tena, yakageuka tena. Kisha alisema, "Ewald kasema chumba kikavu."

Sikumwandikia machozi. Nilimwandikia kwamba tumepata mtoto na kwamba nampenda kwa yote anayoyakataa. Sijui kama walimpa.

Kila jioni Bartel, na hilo kovu lake la paji la uso, anapiga kengele kwa ajili ya Henning. Watu wanasimama walipo, shambani, zizini, barabarani, wanavua kofia. Vijiji jirani vinasikia. Nasikia navyo vimeanza.

Unasema yuko mkononi mwako. Basi fungua mkono.

Gesine

*

Stettin, 20 Aprili 1937

Gesine,

Hongera ya mtoto. Kidevu cha Kagelmann ni bahati, chunga tu asikiinue mbele ya wakubwa kama baba yake. Leo mji wote umepambwa kwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Kiongozi, bendi zinapita chini ya dirisha langu, nami nimekaa hapa naandika kwa hasira mpaka wino unaruka.

Kengele! Nani kawaambia mpige kengele? Nyie mnadhani mnamwombea, mnamchimbia! Vijiji kumi na kitu sasa vinalia kila jioni kama ng'ombe hawajakamuliwa, na simu yangu inalia navyo. Jana kwenye mkutano, mbele ya watu wenye nishani, kijana mmoja wa shule za juu, miwani tu na pua, kasema, "Kagelmann wetu muuza brashi hawezi kufagia hata sebule ya kwao." Wakacheka. Mimi nilicheka pia, nikacheka kuliko wote, na kiti nilichokishika nilikivunja mkono wake kwa kukibana.

Mumeo ni mtu gani? Nauliza kwa wema. Mtu ana mke, ana mtoto, anaonyeshwa kalamu, anaikataa kalamu! Kakonda, ndevu zimemwota mpaka anafanana na mtume kwenye picha za shule, jicho moja halifunguki, na bado mdomo anao. "Mjomba," anasema, "weka bakora chini, keti, unachoka." Mimi nachoka! Anamwambia nani anachoka?

Hivyo ndivyo nilivyoambiwa na mlinzi.

Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi. Iache hiyo kengele ikae kimya. Uniandikie upesi.

Ewald

*

Altwiek, 22 Aprili 1937

Mjomba,

Mtoto ananyonya vizuri. Mama haongei.

Wewe umemwona. Mlinzi hajui kwamba Henning anakuita Mjomba.

Sitakugombeza, na barua hii sitaisoma kwa mama. Nimekwenda kwa Bartel nikapiga magoti kwenye matope mbele ya mlango wake, nikamwomba aache kengele. Alilia, lakini ameacha. Tangu jana jioni Altwiek iko kimya. Hilo umeshinda, wahesabie wakubwa wako. Waambie sebule imefagiwa.

Mimi ni yule Gesine uliyekuwa unambeba mabegani sokoni Stettin, ukawadanganya watu kwamba ni binti mfalme wa Uswidi. Sijakuomba kitu tangu siku ile nilipotaka puto jekundu. Sasa naomba. Usimtoe kama huwezi. Usimpe chumba kikavu. Usiende tu. Usiende tena kule na hiyo bakora. Mwache akae gerezani akiwa mzima, nitasubiri miaka.

Nakuomba, Mjomba, usimguse tena.

Gesine

*

Stettin, 3 Mei 1937

Kwa Bibi Gesine Wolter, Altwiek.

Ofisi inasikitika kukujulisha kwamba mumeo, Henning Wolter, amefariki jela tarehe 30 Aprili kwa moyo kusimama. Alitibiwa kwa kila njia.

Mpwa wangu, hayo ya juu kaandika binti wa chapa, sasa naandika mimi. Moyo. Moyo wa wasomi ni mwembamba, haujazoea kubeba. Mimi barua yako ilinifika kesho yake baada ya kifo, posta yetu nayo! Ingewahi, nani ajue. Nilikuwa mbali siku hiyo. Nilikuwa Kolberg kwa shughuli za samaki, waulize watu wa Kolberg, nilikula samaki mkubwa kuliko mtoto wako.

Jeneza linakuja kwa gari la farasi, pamoja na askari. Limepigwa misumari na kutiwa lakiri. Msilifungue. Ni amri, na ni afya pia, siku zimepita. Mzikeni mapema, watu wachache, bila hotuba, bila kengele. Nimeagiza shada la maua, kubwa kuliko yote mliyowahi kuyaona Altwiek, lina utepe wenye jina langu kwa herufi za dhahabu.

Mkubwa wangu amesema shauri la Altwiek limekwisha. Naanza Berlin tarehe kumi na tano. Ukitaka kazi kwa mtoto atakapokua, mjomba yupo.

Ewald

*

Altwiek, 10 Mei 1937

Ewald,

Umezaliwa kijiji hiki, katika nyumba ninayoandikia. Umekaa mjini ukasahau mambo mengi, lakini hili ulisahauje? Kwetu hakuna maiti anayeingia ardhini hajaoshwa na watu wake. Hata yule mwizi wa farasi aliyeuawa na radi alioshwa. Na mchungaji huzikwa na joho lake, na zile tepe nyeupe za shingoni humfunga mkewe kwa mkono wake, ndiyo kwaheri yao. Ningemfungaje mtu aliye ndani ya misumari?

Askari aliyeleta jeneza ni mtoto wa bonde la pili. Aliliangalia, akaniangalia mimi na beseni, na mama na mataulo. Akasema, "Mimi nakwenda kumnywesha farasi. Farasi wangu hunywa polepole sana." Akatoka. Bartel akang'oa misumari kwa patasi ya babu.

Nakuandikia alivyokuwa, kwa sababu nataka usome. Jicho la kushoto halikuwepo, palikuwa na shimo lililofungwa kwa uvimbe. Meno ya mbele hayakuwepo. Kucha za mkono wa kulia, mkono wa kushikia kalamu, hazikuwepo hata moja. Mbavu za upande mmoja zilikuwa zimeingia ndani, ukibonyeza kitambaa kinazama. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka. Huo ndio moyo wako uliosimama.

Mama alimwosha kama anavyowaosha wote, kuanzia kichwani, taratibu, akisema naye. "Geuka kidogo, mwanangu. Sasa mkono." Alipofika kifuani akasimama. Akasema, "Fungueni dirisha lote." Mwanga ukaingia. Chini ya mfupa wa shingo palikuwa na alama imezama kwenye nyama, nyeusi, safi, kama imepigwa kwenye nta. Masikio. Pua. Jino moja zima na moja limevunjika. Tukamgeuza. Nyingine mgongoni. Nyingine. Nyingine kisogoni, na hiyo ilikuwa imepita mfupa.

Mimi nilikuwa sijaelewa bado. Mama ndiye aliyesema. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja kitu cha jikoni.

"Hii ni siagi ya Ewald."

Kisha alikwenda kweli jikoni, akachukua chungu cha siagi chote, akakimwaga kwenye shimo la samadi, akanawa mikono, akarudi akamaliza kumwosha mkwe wake. Nilimfunga zile tepe. Ziko sawa, nimehakikisha.

Bila kengele, ulisema. Walikuja watu wa vijiji vyote vile. Mzee Rosenhain alitembea mbele na mikono yake. Shada lako walilila mbuzi wa Bartel, ila utepe waliuacha. Mchungaji wa bonde la pili alizika, na palepale kaburini akambatiza mwanangu, kwa kuwa wa kumsubiri hakuwepo tena. Anaitwa Henning. Bartel alipiga kengele ya mwanamume kama desturi, mara tatu, na pumziko kati ya kila mara.

Ilipokwisha watu waliweka kofia, wakageuka. Mama akabaki pale. Akamwita Bartel aliye juu, sote tukasikia, "Usishuke. Yuko mwingine."

Bartel akachungulia. "Nani tena, mama Alwine? Nani kafa?"

"Ndugu yangu. Ewald Kagelmann, mtoto wa mwisho wa baba yangu. Mpigie."

Watu wakavua kofia tena. Bartel akapiga, mara tatu, na pumziko. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelia. Mama alitupa konzi moja ya udongo pembeni, pasipo na kaburi, akanishika mkono tukarudi nyumbani. Unajua kwetu kengele hiyo hairudishwi. Mtu hapigiwi hiyo akarudi.

Hii ndiyo barua ya mwisho inayotoka nyumba hii kwenda kwako. Nimeiandika kwa sababu marehemu anastahili kujua saa yake.

Gesine, mke wa Henning Wolter

*

Berlin, 2 Juni 1937

Mpwa wangu Gesine, na dada yangu Alwine,

Salamu kutoka mji mkuu! Ofisi yangu ina madirisha marefu kama milango, na kiti changu kinazunguka. Nikipita kwenye korido watu wananyooka kama vijiti vya kiberiti. Juzi mkubwa mmoja, jina lake siwezi kuliandika, kanigonga bega akasema, "Kagelmann, bila wewe tusingeweza." Hatukusemezana zaidi lakini macho yake yalisema mengi.

Ile barua yako nimeisoma mara moja tu nikaitupa. Uzazi hupotosha akili ya mwanamke, kila daktari anajua. Bakora za kichwa cha nguruwe ziko nyingi, kila duka la wawindaji linazo. Yangu hata sinayo, imeibwa kwenye treni. Na nilikuwa Kolberg.

Na huo mzaha wa kengele mimi nimeucheka. Nimemsimulia binti wangu wa chapa, naye kacheka. Mtu mzima, ana afya, ana simu mbili, anapigiwa kengele! Nitawaleteeni watu waiteremshe hiyo kengele, waiyeyushe, itoke mizinga. Kesho naandika amri. Nimeianza mara kadhaa, wino wa hapa ni mbaya.

Afya yangu ni nzuri kabisa. Tumbo kidogo. Daktari kanikataza siagi, kasema ni mafuta mengi, kwa hiyo mezani naagiza waiondoe kabla sijakaa. Usingizi ninao, ila mtaa huu una makanisa mengi na jioni wanapiga, kila mmoja kwa saa yake, hawana mpango.

Dada Alwine, wewe ndiye uliyenilea mama alipokufa. Usikae kimya kwa maneno ya watoto. Niandikie mstari mmoja. Niambie tu Bartel alipiga kweli ile ya mwanamume, mara tatu, na pumziko? Watu walivua kofia wote? Na ule udongo, uliutupa upande gani wa kanisa? Kwa mama, au kule kwa wasio na mtu?

Nijibu upesi.

Ewald wenu

*

*Barua hii ilirudi Berlin haijafunguliwa. Nyuma ya bahasha kulikuwa na mwandiko wa mwanamke mzee, uliokandamizwa kwa nguvu:*

Irudishwe ilikotoka. Aliyeandika alifariki mwezi wa Mei, kengele yake tuliisikia sote. Posta ya Altwiek haipokei barua za marehemu.

A. K.